Mgeni wa Ndani ya Kioo

Fundi vioo alikuwa na nyumba yenye mwanga kuliko zote mtaani. Mbele kulikuwa na duka, nyuma vyumba vya kuishi, na katikati mlango ambao mchana haukufungwa. Kila alipobakiwa na kipande kizuri cha kioo cha kujitazamia, alikikata, akasugua kingo zake, akakitundika ukutani. Palikuwa na kioo sebuleni, kioo kwenye korido, kioo bafuni, na kioo kwenye mlango wa kabati chumbani. Mkewe, ambaye kila mtu alimwita Mama, alizoea kusema kwamba katika nyumba hiyo huwezi kulia peke yako.

Kwa miaka mingi maisha yalikwenda vizuri. Fundi aliamka mapema, akanywa chai amesimama, akafungua duka. Alipima madirisha ya watu. Alibeba vioo vikubwa mtaani, mikono ameipanua, na bega lake la kulia likazoea kushuka kidogo. Alipozeeka, alimwachia duka mwanawe wa mwisho. Lakini kukaa bure hakukuweza. Alivuta kiti karibu na meza ya kukatia, akawatania wateja mpaka jioni. Binti yake mkubwa, ambaye ni msusi, alipita kuwasalimu wazazi kila akitoka kazini.

Kisha mambo madogo madogo yakaanza. Fundi alipima dirisha, akafika mezani, kipimo kimemtoka. Akarudi kupima tena, kikamtoka tena. Watu walicheka, naye akacheka nao. Baadaye alikwenda kunyolewa mtaa wa pili akashindwa kurudi. Muuza mboga ndiye aliyemrudisha, amemshika mkono. Nyumbani wakasema ni uzee. Neno hilo hubebeshwa mizigo mingi isiyo yake. Tukishaona jambo hatulielewi, tunalitupia uzee, tunaendelea na shughuli zetu.

Jioni moja Mama alikuwa ameketi kitandani anakunja nguo. Fundi akaingia, akasimama mbele ya kabati, akakunja uso.

"Huyu mzee ni nani?" akauliza.

Mama alidhani ni utani, maana mumewe alikuwa mtu wa utani. Akamjibu bila kuinua kichwa, "Huyo? Huyo ni mume wangu."

Lilikuwa jibu baya kuliko yote ambayo angeweza kutoa. Fundi alitoa macho. Akauliza, kama huyo ndiye mume, yeye ni nani katika nyumba hii? Mama akacheka, kisha akaona uso wa mumewe, kicheko kikamkauka.

Tangu siku hiyo hapakuwa na amani chumbani. Kila jioni Fundi alimkuta yule mzee kwenye kabati. Kila jioni alipiga kelele. Alisema amemtunza mke maisha yake yote, na leo mke anamletea mwanamume ndani. Maneno yalipenya mpaka dukani. Wateja wakayasikia wakajifanya wanatazama fremu. Habari ya namna hiyo haikawii kusambaa, na muda si mrefu mtaa mzima ulikuwa unaijua. Wengine walimwonea Mama huruma. Wengine walimcheka, na hao aliwasikia zaidi.

Familia ilijaribu kila walichoweza, na walichoweza kilikuwa kumbishia. Binti alimshika baba yake mkono, akamsimamisha mbele ya kioo. Akamwambia kwa upole kwamba huyo ni yeye mwenyewe. Fundi alitazama kwa makini. Akaona mzee asiyemjua, na mzee huyo amemshika mkono binti yake.

"Mbona amekukamata na wewe?" akauliza.

Basi wakaanza kumpima akili kwa maswali. Leo ni siku gani, Baba? Mimi naitwa nani? Jana ulikula nini? Walimuuliza asubuhi, wakamuuliza jioni. Nia yao ilikuwa njema, lakini mzee wa watu aligeuzwa mwanafunzi katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Alitoka jasho, akakasirika, na maneno machache aliyokuwa nayo yakazidi kumkimbia.

Mwana naye alikuja na dawa yake, na ilikuwa dawa ya mtu aliyezaliwa kwenye duka la vioo. Alikikagua kile kioo cha kabati. Kilikuwa cha zamani, kimeingia madoa, na kilipinda sura kidogo. Akasema tatizo liko hapo. Hata yeye akijitazama humo hajijui. Akachagua kioo kizito, kilichonyooka, kirefu kutoka chini mpaka juu. Akakikata mchana kweupe, kwa furaha, anapiga mluzi. Akakifunga kwenye mlango wa kabati. Sasa, akasema, Baba atajiona sawasawa.

Fundi aliingia chumbani. Siku zote yule mzee alionekana kifuani kwenda juu. Leo alikuwa na miguu, amesimama sakafuni.

"Ameingia," Fundi akasema kwa sauti ya chini. "Sasa ameingia mzima."

Akalishika fagio akapiga. Kioo kilikuwa kizito, hakikuvunjika. Mpini wa fagio ulidunda ukarudi nyuma, ukampata Mama begani. Bega halikuumia sana. Kilichoumia ni kingine.

Siku iliyofuata Mama alimwita binti yake jikoni. Alikuwa ametulia, na utulivu huo ndio uliomtisha binti. Alisema anakwenda kukaa kwa dada yake. Hakusema kwa muda gani.

"Kusahauliwa nimevumilia," alisema. "Lakini kuitwa mzinzi na mwanamume niliyemzalia, na majirani wanasikiliza? Hapana, mwanangu. Nimechoka."

Binti alimsihi asubiri mpaka Jumamosi. Mama akakubali kwa shingo upande. Mwana akauliza Baba atabaki na nani, na yeye anashinda dukani. Walitazamana. Palikuwa na chumba kidogo cha stoo nyuma ya nyumba, chenye komeo kwa nje. Hakuna aliyependa kukitaja, lakini wote walikuwa wanakifikiria.

Mkabala na duka, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na ukumbi wa mazoezi. Humo kundi la waigizaji lilifanya maigizo ya mwili, yaani mchezo ambao hadithi husimuliwa kwa mikono, miguu, mgongo na mwendo. Maneno huwa machache au hayapo kabisa. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mmoja ambaye watu walimbandika jina la Kimya kwa sababu ya michezo yake. Jina hilo halikumfaa hata kidogo. Akianza kuongea hapumui.

Kimya alikuwa ameagiza kioo kikubwa cha ukumbini, ili waigizaji wajione wanavyosimama. Alipokuja kuulizia, alimkuta mwana ameshika tama. Kwanza mwana aliona aibu. Kisha akamweleza yote, kuanzia kipimo kilichopotea mpaka fagio.

Kimya hakuuliza Baba anasema nini. Aliuliza anaposema hayo, anasimama wapi. Mikono yake inakuwa wapi? Mwana hakujua. Hakuna aliyekuwa ametazama, maana wote walikuwa wanasikiliza matusi. Kimya akamwambia kwamba kundi lake linatengeneza mchezo kuhusu wazee wanaopoteza kumbukumbu, pamoja na muuguzi wa kliniki ya wazee. Akaomba Mama aje mazoezini, aje na binti yake.

Mama alipoambiwa, alikasirika. Nyumba yake inawaka moto, yeye aende kuchezacheza? Lakini alikwenda. Pengine alitaka tu kukaa mahali ambapo hakuna mtu anayepiga kelele.

Ukumbi ulikuwa na sakafu ya mbao na viti vilivyopangwa kimoja juu ya kingine pembeni. Waigizaji walikuwa peku. Muuguzi alikuwepo, mwanamume mnene mwenye miwani, naye amevua viatu na kukunja suruali. Walikuwa wanafanya zoezi la kioo. Wawili wanasimama uso kwa uso. Mmoja akiinua mkono, mwenzake anainua. Mmoja akijikuna pua, mwenzake anajikuna. Muuguzi alijaribu kusimama kwa mguu mmoja, akayumba, na aliyekuwa kioo chake akayumba vilevile. Mama akajikuta anacheka. Alikuwa hajacheka kwa wiki nyingi.

Kisha Kimya akamwomba ainuke. Hakumtaka aeleze kitu. Alimtaka awaonyeshe tu mumewe anavyoingia chumbani.

Mama alisita. Akavua viatu. Akashusha bega la kulia. Akaachanisha mikono na mwili, kama mtu aliyebeba kitu kipana, akatembea. Binti yake aliziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa ni Baba yule yule. Mama alikuwa amemtazama akitembea karibu maisha yake yote, na mwili wake ulikuwa umejifunza bila kuambiwa.

Mwigizaji mmoja wa kiume, mwenye mvi za kupaka, alisimama mbele yake. Kimya alimwambia Mama asahau kwamba ni mchezo. Humjui huyu mtu, alisema. Umeingia chumbani kwako umemkuta.

Mama akapiga hatua, na yule akapiga hatua. Mama akainua mkono kumfukuza, naye akainua mkono. Mama akakunja ngumi. Yule akakunja ngumi, macho yake yamemkazia. Hakurudi nyuma, hakujibu, hakuondoka. Mama akaogopa kweli, mchana, katika ukumbi uliojaa watu.

"Na mke wako yuko wapi?" Kimya akauliza.

"Kitandani. Anakunja nguo."

Wakaweka kiti, binti akaketi. Kimya akauliza uso wa Fundi unaelekea wapi anapopiga kelele. Mama akageuka moja kwa moja kumkabili binti yake. Alifungua mdomo agombe. Akaufunga.

"Hapana," akasema. "Sio hivi."

Akageuka tena pole pole, akamkabili yule mwigizaji aliyekuwa kioo chake. Sasa alikuwa amempa binti yake mgongo. Akarudi nyuma kidogo mpaka visigino vikagusa miguu ya kiti. Kisha akapanua mikono yote miwili, upande huu na upande ule, viganja wazi.

Ukumbi ulinyamaza. Hata Kimya alinyamaza.

"Alisimama hivi," Mama akasema. "Kila jioni alisimama hivi. Nilidhani ananizibia mlango nisitoke."

Aliketi sakafuni akalia, na binti yake akashuka kwenye kiti akaketi naye. Hasira iliyokuwa imemkaa kifuani kwa wiki zote hizo ilimtoka, na mahali pake ikaingia huruma, na huruma ile iliuma pia.

Muuguzi alisubiri. Kisha akavuta kiti, akasema, "Maneno yanamtoka vibaya kwa sababu ubongo wake unaumwa, Mama. Lakini mwili wake ulikuwa unakulinda."

Akawaeleza taratibu. Huu ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na madaktari huuita dimensia. Ubongo hudhoofika kidogo kidogo. Mara nyingi mambo ya jana hupotea kwanza, na ya zamani hubaki. Ndiyo maana Fundi akijiwazia anajiona kijana. Akikutana na uso wenye makunyanzi kwenye kioo, hawezi kuamini kuwa ni wake. Kwake huyo ni mgeni. Si laana, si uchawi, si tabia mbaya iliyojificha ikatoka uzeeni. Wala si kila mzee huupata. Kusahau mahali ulipoweka funguo ni kawaida. Kupotea njia unayoijua, au kutomtambua mtu wa nyumbani, ni sababu ya kwenda kupimwa.

Binti akauliza kama kuna dawa. Muuguzi hakumficha. Dawa ya kuuponya kabisa bado haijapatikana. Lakini kupimwa ni lazima, kwa sababu mara nyingine anayechanganya mambo ana ugonjwa mwingine unaotibika, au haoni vizuri, au dawa anazotumia hazimfai. Na hata kama ni dimensia yenyewe, namna ya kuishi na mgonjwa inaweza kumpunguzia hofu nyingi.

Akasema wasimbishie, kwa sababu hawatamshinda, watamtia uchungu tu. Wasimwulize maswali ya mtihani. Ukiingia, jitaje mwenyewe: Baba, ni mimi binti yako, nimekuja. Vioo vinavyomwogopesha viondolewe au vifunikwe. Asifungiwe peke yake ndani, kwani hofu itazidi, na moto ukitokea hana pa kutokea. Apewe kazi ambayo mikono yake bado inaijua. Na wanaomtunza wapokezane, maana mtunzaji akichoka sana naye huugua.

Mama alifuta uso. Alikuwa na swali moja.

"Akiniuliza yule mzee ni nani, nimdanganye?"

"Usimjibu habari za mzee. Jibu hofu yake," muuguzi akasema. "Mwambie, niko salama, tupo pamoja. Hapo umedanganya nini?"

Mama akavaa viatu, akarudi nyumbani. Na Jumamosi ilipofika, hakwenda kwa dada yake.

Siku hiyo walishusha vioo. Vile vidogo vilitoka haraka. Kioo cha bafuni mwana alikifunika kwa kitambaa chenye kamba, ili mwenye kunyoa ndevu afunue kisha afunike. Kioo cha kabati ndicho kilichokuwa na kazi. Walikifunga kwanza kwa blanketi kote, wakafungua skrubu. Kilihitaji wabebaji wawili. Mwana alikuwa anataka kumwita jirani, na Fundi akainuka kutoka kitandani.

Hakuuliza ndani ya blanketi kuna nini. Alishika upande wake, akapanua mikono, akakunja magoti. Akamwambia mwanawe ainue kwa miguu, asitumie mgongo. Akamwambia atazame kona. Mtu ambaye asubuhi hakukumbuka jinsi ya kufunga kifungo cha shati alivusha kioo kizito kwenye korido, akapita dukani, akavuka barabara, bila kukigonga popote. Wakakiweka ukumbini kwa Kimya, kiwe kile kioo alichokuwa ameagiza. Mwana alirudi nyumbani akaenda moja kwa moja stoo, akaling'oa lile komeo.

Jioni Fundi aliingia chumbani. Kabati lilikuwa mbao tupu. Alilipita, akalala.

Kliniki walimpima kila kitu. Shinikizo la damu lilikuwa juu, akapewa dawa. Miwani yake ilikuwa haimfai tena, akapewa mpya. Dimensia ilikuwepo kweli, na daktari aliwaambia itaendelea. Familia ikajipanga. Asubuhi Fundi alikaa dukani akisugua kingo za vipande vidogo kwa msasa, kazi isiyo na kisu. Jioni za Alhamisi binti alikaa naye, na Mama akapumzika. Mama alipumzika kwa kwenda ukumbini. Kimya alikuwa amemwomba acheze, na Mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kusimama mbele ya watu, alikubali.

Mchezo ulionyeshwa kliniki, kwenye sehemu ya kusubiria, mabenchi yamesogezwa ukutani. Watu wa mtaani walikuja pia, hata wale waliocheka. Mwana na binti walikaa mbele, na baba yao katikati yao.

Mama aliingia na bega limeshuka, akapanua mikono, akawa mumewe. Watu wakamtambua, wakanong'onezana, kisha minong'ono ikakatika. Mchezo uliendelea mpaka mahali pa mwisho. Hapo Mama aliacha kuwa Fundi, akaketi kwenye kiti, akawa yeye mwenyewe anayekunja nguo. Yule mwigizaji mwenye mvi za kupaka akatokea mbele yake, akaanza kumsogelea.

Fundi akasimama.

Binti alimshika shati, kisha akamwachia. Fundi alipita katikati ya waigizaji kwa mwendo wake, akafika mbele ya kiti, akampa Mama mgongo. Akapanua mikono. Hakuishusha. Mwigizaji alikuwa na akili. Alirudi nyuma pole pole, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Hakuna aliyepiga makofi, na hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja kwenye benchi la nyuma alimvuta muuguzi mkono, akamwambia kwa kunong'ona kwamba mama yake yuko nyumbani amefungiwa, na anataka kumleta kesho.

Mama aliweka kiganja mgongoni kwa mumewe. "Niko salama," alimwambia. "Tupo pamoja."

Mikono ya Fundi ikashuka. Akageuka, akamtazama kwa muda mrefu. Jina la mkewe lilikuwa limempotea siku hiyo, na ilionekana usoni kwamba analitafuta. Akaacha kulitafuta.

"Usitembee peke yako, bibie," akasema. "Unakaa wapi, nikusindikize?"

"Kwako," Mama akajibu, akamshika mkono.